Posa Yangu Ilitokea Duka la Jirani

"Shemeji, hii ni yako?"

Jirani alisimama mlangoni pa duka langu la kuchapa, mtaa wa Makorora, kashika karatasi yenye joto la printa. Ilikuwa barua yangu ya posa. Nilikuwa namposa dada yake, na dada yake mwenyewe ndiye aliyeitoa kwenye mashine ya kaka yake, mbele ya wateja watatu.

Kwetu posa hupelekwa na wazee, imefungwa kwenye kitambaa. Haitangulii peke yake. Nami nimeshafiwa na mke, wa pili kanikimbia. Hii nilitaka iende kwa adabu.

Mkosaji namjua. Ni fundi wa kompyuta, mtani wangu, Mbondei wa Muheza. Jirani nami tulinunua printa za aina moja, tukachangia mtandao mmoja, fundi akaja kuunganisha. Akanieleza, mimi wa darasa la saba, kuwa kompyuta ina kidaftari ndani yake: huku namba ya mashine, huku jina lake. Akaandika namba ya printa yangu, ubavuni akaandika "printa".

"Wewe ita jina tu, mtani. Namba tuachie sisi tuliosoma."

Hakuniambia kwamba namba ile ni ya kuazima, mgawaji ni kile kisanduku kinachotuletea mtandao.

Siku ya barua umeme ulikatika, ukarudi. Kisanduku kikagawa namba upya kama sahani za pilau, aliyewahi kapata. Printa ya jirani ikawahi, ikapewa namba ya yangu. Kidaftari hakina habari. Naita printa yangu, inaitika ya jirani.

Nikampigia fundi. "Hukuifunga namba isihame?"

"Nilisahau, mtani. Lakini posa si imefika? Wazee wako wangekuwa bado wanatafuta makubazi ya kuvaa."

Nikaenda kwa baba mdogo wa mwanamke. Shikamoo yangu aliiitikia, barua hakuitazama. "Hii haikuletwa, imeanguka. Aliyeiangusha aje aseme kwa kinywa chake." Mwanamke hajakataa, kaniletea salamu tu, nipunguze kujisifu kwenye barua.

Fundi kaja, kaifunga namba, kaondokea mlango wa nyuma.

Basi, mtani, printa umeitengeneza, mimi bado. Ijumaa baada ya swala vaa kanzu, uje ukae mbele ya mzee yule, umwambie ni nani aliyeacha namba ikizurura. Mimi sitakusemea.