Oksijeni ya Kikapu Kitupu

Dirkje Ouwehand aliduwaa mbele ya tanuri. Kikapu cha waya kilikuwa kitupu, kakiingiza yeye mwenyewe, na bado mshale wa kipimo cha oksijeni ulikuwa unapanda.

"Sjoerd! Hebu njoo uone."

Sjoerd, mkuu wa karakana, akaja na kahawa yake. Akautazama mshale, akakitazama kikapu. Kahawa ikammwagikia kiatuni, wala hakujua.

Dirkje ni mzaliwa wa Katwijk, pwani ya Uholanzi, mtoto wa wauza samaki. Mama yake hakuvumilia hewa iliyolala ndani. Iwe mvua, iwe baridi, asubuhi madirisha wazi! Dirkje alipoajiriwa karakana hii ya ufukweni, tabia hiyo akaja nayo. Kazi yake ni kusaga mawe ya volkeno yawe kama vumbi la mwezini. Vumbi hutiwa kikapuni, hutumbukizwa katika chumvi iliyoyeyushwa kwa moto, umeme unapitishwa, na oksijeni iliyojificha ndani ya jiwe inakamuliwa, ili siku moja watu wavute pumzi kule mwezini bila kubeba hewa ya huku.

Wiki iliyopita oksijeni ilitoka kwa wingi. Wakala keki kusherehekea, Sjoerd akawaalika wafadhili waje kesho. Wasiporidhika, karakana inafungwa. Kikapu kitupu kilikuwa cha kujihakikishia tu kwamba bila jiwe oksijeni haitoki.

"Kama jiwe hamna," Sjoerd alisema polepole, "tunakamua nini?"

Pazia likapepea. Dirkje akageukia dirisha, kisha ndoo ya chumvi iliyokuwa chini yake, kifuniko kimeegemezwa ukutani. Chumvi imelowa, imeshikana mabonge. Chumvi ile hunywa unyevu wa hewani, na maji nayo yakipitishiwa umeme hutoa oksijeni.



"Ukungu wa bahari," alisema. "Tumekula keki ya ukungu, Sjoerd. Dirisha nafungua mimi."

"Na kifuniko?"

"Hicho huacha wazi wewe."

Sjoerd akaliangalia kopo la biskuti mezani, limebanwa barabara. Pale kila mtu akichukua moja, kopo hufungwa zisilainike.

"Biskuti tumezilinda," alisema. "Mwezi tumeuacha unyeshewe."

Akapiga simu. Dirkje alingoja kusikia jina lake likitajwa. Hakulisikia. Sjoerd aliwaeleza wafadhili yote, mpaka habari ya keki, akawaomba waje hivyo hivyo.

Chumvi ilikaushwa hadi kesho yake. Mbele ya wageni, kikapu kitupu hakikutoa kitu. Kikaingia chenye vumbi. Mshale ukalala, ukalala, kisha ukatetemeka na kupanda kidogo.

"Ndiyo hiyo tu?" mgeni mmoja aliuliza.

"Ndiyo hiyo," Dirkje alijibu. "Ila hii imetoka kwenye jiwe."

Wafadhili wakawapa mwaka mmoja zaidi.

Asubuhi iliyofuata, nyumbani kwake, Dirkje aliliendea dirisha kama kawaida. Mkono ukagota kwenye komeo, ukabaki pale pale.