Chai Niliyoikataza

Nilipopelekwa Voi nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na nilijiona najua kila kitu. Kwetu ni Morogoro. Wenzangu niliosoma nao walikuwa chuoni au wameshaolewa. Mimi nikajaza fomu za kanisa, nikapokea barua ya wito, nikavuka mpaka na sanduku moja kwenda kuhubiri Kenya kwa mwaka mmoja na nusu. Mama yangu alilia stendi mbele za watu. Mimi sikulia. Nilikuwa na beji nyeusi kifuani yenye jina la ukoo wetu na neno Sista mbele yake, na niliamini kwamba beji ile inanitosha.

Mwenzangu wa kazi alikuwa msichana kutoka Zimbabwe. Kanuni yetu ni kwamba mmisionari hatembei peke yake. Mnaamka pamoja, mnasoma pamoja, mnakwenda sokoni pamoja, na hata mkinuniana mnanuniana mkiwa chumba kimoja. Yeye alikuwa mpole, na Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na nauli. Kwa hiyo msemaji nilikuwa mimi. Akisema neno kwa Kiingereza nalitafsiri, na kwa kuwa hakukuwa na wa kunisahihisha, niliongeza chumvi nilipotaka na kupunguza nilipotaka. Nalitaja hili mapema kwa sababu kosa langu liko hapo.

Siku zetu zilifanana. Saa kumi na mbili na nusu tumeamka, tumesali, tumefungua vitabu. Kisha kufagia lile vumbi jekundu, ambalo huwa limerudi ndani kabla hujaweka ufagio pembeni. Tukitoka na blauzi nyeupe, saa saba mchana zina rangi ya tofali. Watu walituita masista, na wengi walidhani sisi ni watawa wa Kikatoliki. Mama mmoja muuza mboga aliniuliza kwa uchungu kabisa mbona nimeacha kichwa wazi, na askofu anajua? Waliojua kidogo walituita Wamormoni, wakataka kujua tumeolewa na mume mmoja sote wawili au kila mtu na wake. Nilikuwa nawajibu kwamba mume mwenyewe bado hajapatikana, hata huyo wa kugawana.

Milango haikuwa shida. Voi mtu hakufungii mlango. Anakukaribisha, anakupa kiti kizuri, anakusikiliza hadi mwisho, anakubali kila kitu, na wiki ijayo ukija hayupo. Shida yetu ilikuwa chai.

Sisi kanisani kwetu hatunywi chai ya majani, wala kahawa, wala pombe. Ni amri tunayoiita Neno la Hekima. Sasa nenda ukaishike Kenya, mahali ambapo chai ndiyo karibu yenyewe. Mtu hakuulizi kama utakunywa, anakumiminia. Ukikataa, uso wa mwenyeji unashuka, kana kwamba umeukataa mkono wake. Nilijifunza kukataa mapema, kabla sufuria haijapanda jikoni, na nilijisifu kwa hilo. Mwenzangu aliona aibu kila mara. Mimi nilimwambia atazoea.

Mama mwenye kisa hiki tulikutana naye kwenye maji. Mtaa wa Kaloleni bomba lilikuwa likitoa maji siku mbili kwa wiki, na siku hizo kila mtu yuko njiani na mtungi. Tukamsaidia kubeba miwili hadi kwake. Alikuwa Mtaita wa milimani, upande wa Wundanyi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Akatuuliza sisi ni watoto wa nani, akauliza kama mama zetu wanajua tunakula nini. Wiki iliyofuata tulirudi, na alikuwepo. Iliyofuata pia. Alisikiliza kama mtu ambaye kwa miaka mingi hakuna aliyemwuliza anafikiri nini kuhusu Mungu.

Mume wake alikuwa mstaafu wa reli. Alitoka magharibi ya Kenya akiwa kijana, akafanya kazi kwenye genge la kutengeneza njia ya ile reli ya zamani, akaoa hapahapa, akajenga hapahapa. Watoto walikuwa wameshaondoka. Binti yao mmoja tu alikuwa karibu, anauza matunda barabarani Miasenyi. Mzee hakulitaka kanisa letu, lakini sisi wenyewe alitupenda. Kila tukifika anasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," halafu anatuuliza leo tumekuja na dawa gani.

Siku niliyomfundisha mama Neno la Hekima, alitusimulia habari ya chai yao. Mzee hakuacha kuamka saa kumi alfajiri hata baada ya kustaafu. Anawasha jiko la makaa, anaweka maji na maziwa, anatwanga tangawizi, anatia majani na sukari. Anamimina vikombe viwili. Kimoja anampelekea mkewe kitandani, anakaa ukingoni mwa kitanda na chake, wanakunywa bila maneno mengi mpaka kunapambazuka. Tangu walipooana. Alipokuwa akisimulia alifunika mdomo kwa leso, akacheka kama msichana. Mwenzangu aliuliza amesema nini, nikamtafsiria, na macho yake yakalegea. Mimi nilifungua kitabu, nikatafuta aya.

Mzee alisikia kutoka nje. Akachungulia mlangoni.

"Maji, maziwa, sukari, tangawizi," akasema. "Sasa dhambi iko wapi hapo, sista?"

Nikamwambia iko kwenye majani. Akacheka sana, akasema basi majani atakunywa yeye. Nikampa mama wazo la kuchemsha maziwa na tangawizi peke yake, jambo ambalo halina katazo lolote. Lakini jiko lilikuwa moja na sufuria moja, na mzee alisema chai isiyokuwa chai yeye hajui kuipika. Nililiona ni jambo dogo litakalojimaliza lenyewe.

Mama aliacha. Alifaulu mahojiano ya ubatizo, na siku yenyewe tulijaza kile kisima chetu cha kubatizia, cha kubebeka, kwa mitungi ya mkokoteni kuanzia asubuhi, majirani wakitutazama tukimwaga maji ya kunywa ili kumzamisha bibi kizee. Mzee alikuja na koti lake la reli. Alikaa nyuma kabisa. Mkewe alipoibuka kutoka kwenye maji, mzee alipiga makofi, peke yake, kwa sababu kwetu hatupigi makofi, na hakuna aliyekuwa amemwambia.

Baada ya hapo mzee aliendelea kupika kama zamani. Alimimina vikombe viwili, akampelekea mkewe kimoja, akakiweka kwenye kijimeza. Mama hakugusa. Chai ikapoa, ikafanya utando, na mzee akaja kuimalizia ikiwa baridi. Kila asubuhi. Mama alikuwa akinipa habari hizi kama mtoto aliyeleta karatasi ya mtihani. "Sijagusa," ananiambia, nami namkumbatia. Kila Jumatatu wamisionari tunamwandikia barua rais wa misheni kumweleza kazi inavyokwenda. Barua zangu za miezi ile zilijaa habari za yule mama na imani yake. Nikizikumbuka leo naona zilijaa habari zangu mimi.

Siku moja tulimkuta mzee peke yake kivulini, anakaza mguu wa kigoda. Hakuwa na hasira. Hata kichwa hakuinua.

"Sista, mimi sina shida na kanisa yenu," alisema. "Lakini mmeniachia nani wa kukunywa chai na mimi?"

Nilimjibu kwamba Mungu ataibariki nyumba yake. Akasema sawa, akaendelea na kigoda chake.

Haikupita muda mrefu akapatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukafa, mdomo ukaenda upande. Alilazwa hospitali siku kadhaa, kisha akarudishwa nyumbani, na kila aliyemwona alijua amerudishwa kwa ajili ya nini. Sasa mama ndiye aliyekuwa akiamka saa kumi kuwasha jiko. Chakula mzee alikataa. Kitu pekee alichokubali ni chai, kwa kijiko, na baada ya siku chache hata hiyo akaanza kuifungia mdomo.

Ndipo mama akaja kwetu. Hakuwahi kuja kabla ya hapo. Alitembea juani kutoka Kaloleni, akaketi kwenye ngazi ya mlango, akakataa kiti. Alipumua kwanza.

"Anasema nikunywe na yeye," akasema. "Hata nusu kikombe. Bila hivyo anafunga mdomo. Sasa nifanye aje?"

Mwenzangu alikuwa ameshika maneno mawili matatu, nusu kikombe na funga mdomo, na mengine aliyasoma usoni mwa yule mama. Akanigeukia, akasema kwa Kiingereza bila kufikiri mara mbili: "Mwambie aende akanywe na mume wake. Mungu hatakasirika."

Sikulitafsiri.

Niseme ukweli, sikusahau wala sikuchanganyikiwa. Nilimsikia vizuri. Niliogopa kwamba nikisema ndiyo, kazi yangu nzuri inabomoka, na Jumatatu nitaandika nini? Nikamshika mama mikono. Nikamwambia agano ni agano, na kwamba Shetani hutujaribu palepale tunapopenda zaidi. Nikamwambia nitafunga kwa ajili yake, na kweli nilifunga. Akaniangalia, kisha akamwangalia mwenzangu.

"Na huyu sista amesema nini?"

"Amesema tutakuombea," nikajibu.

Akasema sawa, mwanangu. Akajifunga leso yake vizuri, akarudi zake na jua lile.

Mzee alikufa siku ya nne. Yaliyotokea kati ya hapo nilielezwa na binti yao wa Miasenyi, ambaye hakunipenda na hakuwa na sababu ya kunipenda. Alisema mama alichemsha maziwa yake pembeni, akaja kukaa ukingoni mwa kitanda na kikombe chake, kama alivyokuwa akikaa mzee. Alidhani itatosha. Lakini mzee bado alikuwa na pua. Alikitazama kile kikombe, akageuza uso ukutani, na kijiko hakikupita tena. Binti alinisimulia huku akichambua mchele, hakupandisha sauti. Mdomo huponza kichwa, wanasema wahenga. Wangu uliponza kichwa cha mwingine.

Nyumba ilijaa. Walikuja wazee wa reli, walikuja ndugu wa mama kutoka milimani, walikuja watu wa magharibi waliohamia Voi, kwa sababu mzee alitakiwa kuzikwa kwao, kwenye boma la baba yake, safari ya usiku na mchana. Uani palikuwa na masufuria makubwa ya chai juu ya mafiga. Sisi hatukuruhusiwa kutoka eneo letu la kazi, hivyo kwaheri yetu ilikuwa pale, asubuhi ya basi kuondoka. Kiongozi wa tawi letu, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mtaratibu, alinivuta kando. Mama alikuwa amemweleza. Aliniuliza kwa nini sikumpeleka kwake. Akasema angemwambia anywe, na kama kuna deni mbele za Mungu angelibeba yeye. Alisema hivyo kisha akaenda kusaidia kupanga viti. Afadhali angenitukana.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, wanawake wamemzunguka. Binti yake alikuwa ameweka kikombe cha chai karibu na goti lake, na hakuwa amekigusa. Watu waliniona wakanipisha. Nilipiga magoti. Mwenzangu alisimama nyuma yangu, naye hakujua ninachokwenda kusema, kwa maana hata yeye nilikuwa sijamwambia.

"Mama, kunywa," nikasema. "Nilikosea. Siku ile sista mwenzangu alisema uende ukanywe na mzee. Mimi nikakuficha."

Akamtazama mwenzangu, kisha akanirudia.

"Alisema hivyo?"

"Alisema."

Nililia hapo, mimi niliyejidai stendi ya Morogoro. Nilingoja anifukuze. Nilitaka anifukuze. Yeye aliweka mkono kichwani kwangu, mkono mzito uliochoka, na sauti yake ilikuwa ileile ya chini ya siku tulipobeba mitungi.

"Hata chai yenyewe sikuwa napenda sana, mwanangu," akasema. "Ni vile alikuwa ananiletea."

Nje walikuwa wameanza kuita watu wapande basi. Mama alikiokota kile kikombe, akanipa mikononi, akasema nimpelekee dereva, kwa kuwa safari ni ndefu na huenda hajanywa kitu tangu asubuhi. Nikasimama, nikakibeba kwa mikono miwili mpaka kwenye basi, nikimwomba kila mtu anipishe njia.