Wimbo wa Mtu Asiyeondoka

Baba alinipa mpaka Jumapili. Jumanne alikuwa analazwa Homa Bay kwa upasuaji wa tezi dume, na alishasema haingii chumba cha kupasulia watu huku daftari lake lina mstari mtupu. Mstari huo ulikuwa wangu.

Daftari lenyewe ni la kawaida, lile la wanafunzi lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kwenye ukurasa wa kwanza ameandika, kwa mwandiko wake wa afisa wa mifugo mstaafu, watoto wake watatu kwa mfuatano wa kuzaliwa. Dada yangu, aliyeolewa Migori mjini: wimbo wake. Kaka yangu, mwenye mashua zake Sindo: wimbo wake. Halafu mimi, halafu kistari kirefu kama cha mtahiniwa ambaye hakufika kwenye mtihani.

Jambo hili lilianza siku tulipomzika mama. Kwetu, mtoto aliyehama anaporudi kumzika mzazi haji peke yake. Anakuja na kundi lake, wakwe na majirani na marafiki wa kazini, na siku hizi pikapu yenye spika mbili zinazotosha kubomoa ukuta. Kundi linaingia langoni na wimbo. Na kwa kuwa sisi tulilelewa kwa kantri, ule muziki wa magitaa wa Wamarekani, kila Jumapili mchana redio ya baba ikiwa juu ya stuli katikati ya sebule, dada alikuja na wimbo wa kantri na kaka akaja na wimbo wa kantri. Bahati mbaya walifika langoni wakati mmoja. Mmoja alikuwa na mwimbaji anayemlilia mama, mwingine na mwimbaji aliyeachwa na mke, na hakuna dereva aliyekubali kupunguza sauti. Mhubiri alifunga Biblia akatoa leso. Baba, ambaye hakuwa ametoa chozi siku nne nzima, alilia pale, na mpaka leo anasema ilikuwa ni aibu, si huzuni.

Baada ya matanga akanunua daftari. Kila mtoto achague wimbo mmoja wa kantri, ule anaoupenda kushinda zote maishani, si wa mwaka huu tu. Wawili hawawezi kuwa na wimbo mmoja. Ukishaandikwa umeandikwa, na ndio utakaoingia nao siku ya kumzika yeye. Dada alilalamika kwamba huko ni kuita kifo. Baba akamjibu kwamba kifo kina namba yake tayari, hakihitaji kuitwa.

Sasa, shida yangu. Mimi ni kitinda mimba. Kwa mila yetu kaka hutoka, hujenga mji wake mahali pengine, na mtoto wa kiume wa mwisho hubaki katika mji wa baba mpaka urithi umkute pale pale alipo. Wengi huona hilo ni mzigo. Mimi niliona ni ruhusa. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi Magunga na sanduku langu, na sanduku hilo sasa hulaliwa na kuku. Nakamua ng'ombe, nauza maziwa kwenye hoteli za senta, pale madukani, narudi. Mpaka wakati huo sikuwa nimewahi kulala nje ya nyumbani zaidi ya siku tatu, na hiyo ya tatu nilikuwa na homa. Kwa hiyo mimi siingii langoni na kundi lolote. Mimi ndiye ninayelifungua lango.

Na kantri, ukisikiliza vizuri, ni muziki wa watu ambao hawatulii. Wote wanaondoka. Ambaye haondoki yuko jela, na hata huyo anaimba kuhusu treni inayopita nje. Niambie, mtu kama mimi achague nini?

Wiki hiyo sikukaa chini. Nilikamua simu ikiwa mfukoni mwa shati inaimba, mpaka ng'ombe akaanza kunitazama kama jirani mwenye neno. Nilinoa panga lililokuwa limenolewa. Nilihamisha redio kutoka sebuleni kwenda jikoni, kutoka jikoni kwenda nyuma ya zizi, nikidhani labda wimbo ungesikika tofauti kule. Nilianza barua ya maelezo, nikaichana.

Jumapili ikafika. Baba aliketi kwenye kiti chake, daftari magotini, kalamu sikioni. Nikamwambia nachagua ule wa treni.

Akauliza treni nimeiona wapi. Nikasema kitabuni. Hakuandika.

Nikajaribu wa mfungwa anayemwandikia mama yake barua. Akanikumbusha kwamba kituo cha polisi nimekanyaga mara moja tu, kuripoti kitambulisho kilichopotea, na kitambulisho kilikuwa chini ya godoro. Nikasema basi ule wa mchunga ng'ombe na farasi wake. Akaanza kucheka kabla sijamaliza, kwa sababu ng'ombe wetu mwenyewe, wa maziwa, mpole, alinipiga teke nikalala siku mbili. Nikataja wa mlevi. Akasema mimi hulewa kwa soda.

"Nataka wako," akasema. "Hizi umeziazima."

Kipindi cha kantri redioni kikaisha, akafunga daftari na kistari changu ndani.

Ukweli ni kwamba wimbo wangu niliujua tangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Ni ule wa dereva wa lori. Anapanda mlima, mvua inanyesha, anataja miji anayopita mmoja mmoja, na kila mji anasema sasa ni karibu. Wimbo unaisha kabla hajafika. Nilikuwa nausikiliza nikitazama barabara, miaka ambayo baba alifanya kazi Ogwedhi, akichanja ng'ombe wa mnada kule mpakani na kurudi mwisho wa mwezi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilinyamaza nao kwanza kwa aibu. Nilijua wangeniuliza mimi nimeendesha lori gani. Lakini wiki ile kulikuwa na sababu nyingine, na haikuwa ya kuchekesha. Niliogopa ukurasa ujae. Baba ni mtu wa orodha. Siku zake za kazi hakuwa akiondoka zizini mpaka kila mnyama awekewe alama ya vyema, na akishaiweka ya mwisho alikuwa anavaa kofia na kwenda zake.

Homa Bay nilikwenda mimi kumuuguza, kwa kuwa wengine wana kazi na mimi, kama dada anavyosema, nina nyumba tu. Nilibeba mto wangu, birika langu na kikombe changu. Mwuguzi mmoja aliuliza ni nani kati yetu anayelazwa.

Asubuhi ya upasuaji wakamweka kwenye kitanda cha magurudumu. Kofia ya kijani waliyomvika ilimfanya aonekane mdogo. Akanitazama.

"Haya. Upi?"

"Bado sijapata."

"Kwa hiyo niende hivi hivi."

"Nenda hivi hivi, urudi hivi hivi. Nitakuambia ukirudi."

Akavuta shuka kifuani, nikadhani amekasirika. Kisha akamgeukia mwuguzi. "Huyu ni kitinda mimba wangu. Ukimwona anazungukazunguka, mpe kiti."

Nilipewa kiti. Sikukikalia. Nilitoka kwenye korido mpaka kwenye bomba la maji na kurudi, mpaka yule wa kupiga deki akaniomba nichague upande mmoja. Dada akapiga simu kutoka Migori.

"Omera, ndugu yangu, umemwambia?"

"Bado."

"Si ungetaja wowote! Na kama hatatoka? Ataenda akijua wewe peke yako ndiye uliyemnyima?"

Nilisimama na simu sikioni muda mrefu baada ya yeye kukata, nikijifanya bado naongea, maana mtu anayeongea na simu anaweza kutembea bila kuulizwa anaenda wapi. Nilifikiri: kama amekufa mle ndani, mimi ndiye mwanawe aliyefanya ujanja na mzee wake siku ya mwisho. Nikaenda mpaka mlangoni. Nilitaka kabisa kubisha na kuwaambia wamfikishie, lori, mwambieni ni ule wa lori. Mkono nilishauinua. Nikaona aibu, nikajikuna kichwa nao.

Alitoka baada ya saa mbili, midomo imekauka, akiomba chai ambayo hakuruhusiwa kunywa.

Tulikaa siku tisa. Ile ya tatu ikapita bila homa. Tuliporudi Magunga kaka alikuwa ametutangulia, na kwa mara ya kwanza maishani nilifika langoni kwetu nikakuta mtu mwingine ananifungulia. Sikujua miguu niiweke wapi. Niliingia kama mgeni aliyekosea mji.

Jumapili baba akaomba kiti chake, redio, na daftari. Alikaa upande mmoja, kwa sababu ya maumivu.

"Nimerudi," akasema.

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikautafuta wimbo wa lori kwenye simu, nikaiweka juu ya stuli kando ya redio, nikaenda kusimama dirishani ili nisione uso wake. Gitaa likaanza. Nikasubiri aniulize ni lori gani. Hakuuliza. Dereva akapanda mlima wake, akataja miji yake, wimbo ukakatika pale pale unapokatikaga. Niligeuka. Kalamu ilikuwa bado sikioni.

"Huo hapana," akasema.

"Kwa nini hapana? Ndio wangu, baba. Tangu zamani."

"Huo ni wangu. Niliutwaa Ogwedhi kabla hujazaliwa. Nilikuwa nauimba kwenye pikipiki ya serikali, mwisho wa mwezi, nikija huku. Na wewe unajua sheria."

Akafungua daftari akanionyesha. Juu kabisa ya ukurasa, mahali nilipodhani ni kichwa cha habari na sikuwahi kupasoma, lilikuwa jina lake, na mbele yake wimbo wa lori.

Nikamwambia hiyo si haki, mimi ndiye ninayebaki na kila kitu chake, nyumba, ng'ombe, stuli.

"Basi huo nao utaurithi na nyumba," akasema. "Ukiutaka, subiri zamu yako."

"Sina haraka nao."

"Ndiyo hivyo. Tafuta mwingine."

Akaitoa kalamu sikioni, akaitia mfukoni na kuniambia niongeze sauti ya redio, kipindi kinaanza. Nimekuwa nikitafuta tangu hapo. Jumapili iliyopita nilimpelekea mmoja wa mvuvi. Akauliza kama najua kuogelea.