Saa ya Simu

Katibu wa chama cha wanahistoria, anayetangaza kazi kwenye tovuti yao na kuwanoa wahitimu, huanza kila ushauri kwa kukohoa. "Mwanangu, hapa Tunduma usiamini saa ya simu. Ikidaka mtandao wa Zambia, inarudi nyuma saa nzima." Recho, mmoja wa wahitimu hao, alishanunua saa ya mkononi.

Leo alipompelekea barua yake ya maombi aipitie, alimkuta akijiombea nafasi ya uhadhiri aliyoitangaza mwenyewe. Katibu alinyoosha kola, akabonyeza simu. Ikajibu: muda wa maombi umekwisha. Akaitazama saa ya simu, kisha ya ukutani, iliyokuwa mbele kwa saa nzima. Kwa kidole kilekile akalifungua tangazo, akaandika: Limefungwa.

Akakohoa. "Haya mwanangu, lete barua. Na hapa Tunduma, usiamini saa ya simu."

"Sawa, mwalimu." Recho akavuta mkono wa sweta, akaifunika saa yake.