Mate ya Shangazi

Pale chuo cha mafundi wa maabara wanafunzi walimwita Shangazi, ingawa hakuwa shangazi wa mtu yeyote mle ndani. Umri ulikuwa wa mama zao, na ulimi ulikuwa wa kwake mwenyewe. Nusu ya maisha yake aliimaliza amesimama nyuma ya vichwa vya watu, akisuka nywele na kusikiliza habari za ndoa zao na za majibu yao ya hospitali. Kitinda mimba wake alipohama nyumbani kwenda kujitegemea, alifunga saluni akaenda kuomba nafasi chuoni. Karani wa dirishani akamuuliza kama amekuja kumwandikisha mwanawe.

"Nimekuja kujiandikisha mimi," akasema. "Au sura yangu haifai kusoma?"

Mwaka wa kwanza alifaulu kila somo isipokuwa baiokemia. Si kwamba hakusoma. Protini alizielewa, mafuta aliyaelewa, wanga nao aliujua: sukari ndogondogo zilizoshikana zikawa mnyororo mrefu. Kilichomtoa jasho ni nishati. Mwalimu alisema wanga ukivunjwa na maji unashuka kwenye nishati ya chini, hauhitaji kusukumwa. Shangazi akanyoosha mkono. Kama hauhitaji kusukumwa, mbona akikoroga unga kwenye maji haugeuki sukari? Darasa likaangua kicheko, naye akaanguka mtihani. Na kanuni ya chuo haikuwa na huruma: ukianguka somo lile lile mara ya pili, unafunga virago.

Alipolirudia, mwalimu akatoa mfano, na jambo lenyewe likamwingia. Gari limesimama kichwani mwa mteremko, lakini mbele ya tairi kuna tuta. Lisipovuka tuta, halishuki ng'o. Kimeng'enya, kile kitu kilichomo kwenye mate kinachokata wanga, hakilisukumi gari wala hakiongezi mteremko. Kinapunguza tuta, basi.

"Si ungesema hivyo tangu mwaka jana!" alimfokea mwalimu mbele ya watu. Mwalimu, kijana mpole mwenye koti jeupe lililompwaya, akacheka. Mtihani wa kuandika safari hii Shangazi aliupita. Lililobaki lilikuwa jaribio la maabara, na asiye na alama za jaribio huhesabiwa kuwa ameanguka somo zima.

Jaribio lenyewe lilikuwa la mate. Unatema mate kwenye kikombe, unayachanganya na maji kidogo. Tyubu ya wanga inakaa kwanza ndani ya beseni la umeme lenye maji ya joto la mwili, kisha unaongeza mate. Kila baada ya muda unachukua tone, unalidondoshea iodini kwenye kigae cheupe. Wanga ukiwepo, rangi inakuwa buluu nzito. Mate yakishaukata, buluu haiji tena.

Shangazi akatema, akachanganya, akasubiri. Tone la kwanza buluu. La pili buluu. Akasubiri mpaka miguu ikamuuma. Buluu tupu. Akachungulia meza ya jirani: buluu. Meza ya dirishani: buluu vile vile. Na kila mtu ameinama anaandika.

"Unaandika nini?" akamuuliza binti waliyechangia naye meza, msichana mwenye miwani aliyekuwa akimpenda kama mama yake.

"Kwamba rangi imepotea."

"Imepotea wapi? Si hii hapa inanitolea macho?"

"Shangazi, punguza sauti! Kitabu kinasema inapotea. Kila mwaka watu wanaandika hivyo. Ukiandika vingine mwalimu ataona hujui kazi."

Huo ndio uliokuwa mtindo wa pale: jaribio likigoma, unapika majibu. Waliofaulu waliwarithisha wanaoingia, na hakuna aliyeona kama ni uongo. Shangazi akakaa na kalamu mkononi. Alijua akiandika kama wenzake anapita, na mwakani anavaa koti lake jeupe. Akaandika: buluu haikuondoka. Akapiga mstari chini yake, akakabidhi.

Akapata sifuri. Mwalimu alimweleza kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma zaidi.

"Mama, darasa zima limeona rangi ikipotea. Wewe peke yako hukuona. Pengine ulikosea kuchanganya. Omba msamaha kwa maandishi, nitaona namna ya kukusaidia."

"Nikuombe msamaha wa nini? Wa kuwa na macho?"

Jioni nyumbani habari ilikuwa imeshafika. Wifi yake alikuwa amejaa kwenye kochi kama hakimu. "Mtu mzima unashindana na watoto kutema mate kwenye vikombe, halafu unashindwa! Aibu gani hii, wifi?" Hata mumewe, fundi redio, mtu asiyependa makuu, akasema, "Kaandike tu wanachotaka. Unapungukiwa nini?"

Hapo Shangazi akapandisha. "Napungukiwa nini? Siku moja mama ataleta damu ya mwanawe mezani kwangu. Niandike nilichokiona au alichoandika jirani? Watu wamekaa kwenye kiti changu cha saluni wakilia kwa sababu ya majibu ya uongo. Nimewafuta machozi kwa mikono hii hii! Leo nikaanze kuyapika mimi? Thubutu!"

Akakata kipande cha mkate mkavu, akatia mdomoni, akatafuna. Akaendelea kutafuna. Wifi akamkodolea macho.

"Wewe unakula au unasali?"

Shangazi akainua kidole, subiri. Akatafuna mpaka mkate ukawa maji, na ule utamu ukaja, kidogo kidogo, kwenye ulimi. Akameza. "Mate yangu hayana ugonjwa," akasema. "Kinywani yanakata wanga kama kawaida. Yamegomea kule maabara tu."

Asubuhi alimkuta mwalimu maabara, darasa zima likiwa limeshakaa. Hakusalimia hata kidogo, na yeye ni mtu wa salamu.

"Nataka kurudia. Mbele yako na mbele ya hawa. Tyubu mbili. Moja iingie kwenye beseni lenu, nyingine nikae nayo mimi. Rangi ikibaki kwenye zote mbili, nafunga virago leo na sitakusumbua."

"Ukae nayo wapi, mama?"

"Si umetufundisha yanafanya kazi kwenye joto la mwili? Mwili ninao."

Tyubu moja ya wanga ikakaa kwanza beseni, kisha akaitia mate; ya pili akaitia mate yale yale, akaifunga kizibo, akaizungushia leso safi, akaitia kwapani. Mle ndani watu walivunjika mbavu. Kijana mmoja akauliza kama kuku akiatamia anaruhusiwa kuzungumza. Shangazi akakaa wima kwenye stuli, mkono umebana, uso umekazwa. Kama hata ya kwapani itabaki buluu, je? Alimwomba Mungu kimya kimya, lakini kidevu hakukishusha.

Muda ulipofika mwalimu mwenyewe akachukua matone. La beseni: buluu nzito. La kwapani: iodini ikabaki na rangi yake ya chai nyepesi. Akarudia. Vile vile.

Kicheko kikakatika. Mwalimu akakitazama kipimajoto cha beseni, kilichoonyesha joto la mwili barabara. Kisha akafunua kifuniko akachovya kidole, akakichomoa akipiga kelele.

"Yanaunguza! Kipimajoto kimekwama. Kimeng'enya ni protini, mnajua joto kama hili linaifanya nini. Kimekufa kabla hakijagusa wanga." Akawageukia. "Nani hapa aliona rangi ikipotea?"

Binti wa miwani akaivua miwani yake, akaanza kuifuta.

"Beseni bovu, na kila ripoti niliyosoma iliniambia ni zima. Na mimi nikampa sifuri aliyeniambia kweli." Akamgeukia Shangazi. "Mama, nisamehe. Alama zako unazo. Hawa wengine wote sifuri, warudie leo leo."

Manung'uniko yakajaa chumba. Kijana wa kuku akasema kwa sauti ya kusikika kwamba wazee wengine wangebaki kusuka. Shangazi akamgeukia. "Nilisuka vizuri, na hapa nitapima vizuri. Nuna mpaka upasuke."

Binti wa miwani alibaki kasimama kando ya meza yao, tyubu mkononi, machozi yanamlengalenga. Beseni lilikuwa limeshachomolewa umeme. Akasogea taratibu.

"Shangazi, nisaidie. Nikuwekee na yangu hapo kwapani?"

Shangazi akamtazama. Alimpenda, lakini hakulegea.

"Una kwapa lako," akasema. "Tia hapo, kaa, subiri. Halafu uandike utakachokiona."