Sheria Niliyoitunga Mtoni

Mlio wa bunduki kwenye simu ndio ulionikumbusha. Mjukuu wangu alikuwa amejilaza kwenye kochi, hapa nyumbani Kihesa, akicheza gemu, na kila mara simu ilifyatua risasi, kisha ikalia kengele ndogo ya furaha. Nikamuuliza huyo aliyeanguka amekosa nini.

"Hana kosa, babu," akajibu bila kuinua macho. "Usipomuua unabaki palepale."

Nilitaka kumwambia jambo, nikaghairi. Ninyi nitawaambia. Mimi pia niliwahi kucheza mchezo wenye sheria mbaya, na sheria yenyewe niliitunga mimi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, kijijini Ubaruku, nikiwa na miaka kumi na moja. Mpunga ulipotoa masuke, sisi watoto tulishinda kwenye majaruba tukiamia ndege. Tulipiga madebe, tukarusha madonge kwa kombeo, tukapiga kelele mpaka sauti zikakauka. Jua la mchana lilipokuwa kali ndege walijificha, nasi tukashuka mtoni, kwenye udongo mweusi, laini, wenye harufu ya majani yaliyooza na mavi ya ng'ombe. Huko tulimkuta Maduhu akinywesha ng'ombe wa baba yake.

Familia yao ilikuwa imehamia kutoka Usukumani msimu mmoja tu uliopita. Maduhu alikuwa umri wangu, na hakuna aliyemweza kwa kufinyanga ng'ombe. Wa kwetu walifanana na viazi. Wa kwake walikuwa na nundu, na mikunjo ya ngozi shingoni, na pembe za miiba ya mgunga.

Tulichora majaruba kwenye tope, tukachomeka nyasi zikawa mpunga, kisha tukaendesha baraza kama tulivyoona wakubwa wakifanya. Mmoja alishtakiwa kwamba ng'ombe wake wamekula mpunga, wengine wakamhukumu, na akishindwa alitoa ng'ombe mmoja. Mwanzoni kila mshtakiwa alitaja shahidi, shahidi naye akataja mwingine, ubishi ukarefuka hata ndege wakarudi shambani na sisi hatujamaliza. Ndipo nikatoa sheria: atakayemtetea mshtakiwa naye ni mwizi, na yeye atoe ng'ombe. Wote waliipenda. Tangu siku hiyo mchezo uliisha upesi.

"Maduhu! Ng'ombe wako hawashibi kama mwenyewe! Wamenimalizia mpunga!"

"Hawajagusa. Walikuwa hapa mtoni."

"Nani anamtetea?"

Tunatazamana, tumebana vicheko.

"Haya, toa dume!"

Alitoa, naye akicheka. Kwa kuwa ng'ombe wake ndio tuliowatamani, mshtakiwa alikuwa yeye karibu kila siku. Nyumbani nilikuwa na madume yake saba, nimeyapanga kando ya kitanda.

Mwezi mmoja kabla ya mavuno, ng'ombe wa kweli waliingia kwenye jaruba la jirani yetu, Baba Tulizo, mchana, wakala na kukanyaga karibu nusu ya mpunga. Hakuna aliyewaona. Mpaka leo sijui walikuwa wa nani. Lakini wenye ng'ombe wengi walikuwa wale wageni, kina Maduhu, na kesho yake mwenyekiti wa kijiji akaitisha baraza mbele ya ghala. Mzee Shija, baba yake Maduhu, alikuwa na Kiswahili cha kuokoteza, kwa hiyo aliyehojiwa ni mwanawe.

"Jana mchana ng'ombe walikuwa wapi?"

"Mtoni."

"Nani alikuona?"

Nilikuwa hatua tano kutoka kwake, kando ya baba yangu. Siku hiyo wenzetu hawakushuka mtoni. Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, mchana kutwa, na ng'ombe wao wote mbele ya macho yetu. Maduhu akanitazama. Nisingizie nini? Baba hakuwa mkali, wala Baba Tulizo sikumwogopa. Kilichonijia, haraka kama jibu la hesabu ya kichwa, ni kwamba anayetetea naye ni mwizi. Sikuona hata aibu. Niliona kwamba najua mambo yanavyokwenda. Nikatazama vidole vyangu vya miguu.

"Hakuna," Maduhu akasema.

"Mmemsikia mwenyewe!" Baba Tulizo akapaza sauti.

Mzee Shija alitozwa maksai wake wawili wa kulimia, akapewa siku saba awe ameondoka. Walipopita barabarani, mama yake Maduhu akiwa na tenga la kuku kichwani, nilijiambia kwamba kama wasingekuwa na kosa wangejitetea. Nikakua na imani hiyo. Hata sekondari, Iringa, mwenzetu alipofukuzwa kwa mgomo ambao nilijua hakuuanzisha yeye, nilinyamaza, nikajiona mtu mwenye busara.

Baada ya kidato cha nne nilikwenda Madibira kumwona shangazi, nikasikia kwamba kina Mzee Shija wako huko. Nilimkuta Maduhu ana mke, ana mashamba. Alinikaribisha kwa maziwa ya mgando. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi, na kuulaumu utoto na mchezo wetu. Kwanza nikamuuliza kwa nini siku ile hakunitaja.

Akashangaa. "Si ulisema mwenyewe? Atakayenitetea naye atoe ng'ombe. Baba yako alikuwa na yule mmoja tu wa maziwa. Angetoa nini?"

Kwa miaka yote ile nilidhani alikosa la kusema. Kumbe tuliingia barazani na sheria ileile vichwani. Mimi niliitumia kujiokoa, yeye akaitumia kuniokoa mimi. Hapo kisingizio cha mchezo kikanitoka, nikabaki peke yangu na kosa langu.

"Umeshawaambia kule Ubaruku kwamba tulikuwa mtoni?" akaniuliza. "Mzee anazeeka. Angependa wajue."

"Nitawaambia."

Baba Tulizo aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila nilipokwenda Ubaruku nilipita kwake, nikampa shikamoo, nikaketi, tukaongea habari za mvua, nikaondoka. Sikumwambia. Mzee Shija alifia hukohuko Madibira. Na wazee wachache wa Ubaruku wanaomkumbuka bado, wanamkumbuka kwa mpunga ambao ng'ombe wake hawakuula.