Siku Niliyoposa Nyumba ya Jirani

Chekeni tu, maana Misima nzima walishacheka. Mimi fundi cherehani wa Kilole, mtu mzima na ndevu zangu, nimewahi kuposa nyumba isiyo yenyewe.

Chanzo ni neno la Kiingereza. Nilikuwa najifunza kwenye simu, neno moja kila siku, na siku tuliyokwenda kijijini Misima kumposea mpwa wangu Hatibu binti aitwaye Zaina likaja "brisk", wepesi wenye uchangamfu, nikalipenda: mwendo wa kukaza hatua ni brisk, biashara ikichangamka ni brisk, hata upepo wa asubuhi unaokutoa usingizi ni brisk (yaani kila kitu isipokuwa wazee wetu). Nikaamua, mshenga ni mimi, leo nitakuwa brisk.

Tuliposhuka kwenye bodaboda, Mzee Sefu, babu yake Hatibu, akasema, "Tupumue kwanza, tuulize nyumba." Nikamwambia naijua, Hatibu kanielekeza, bati jekundu na mpapai uani, nikatangulia, nikapiga hodi kwenye bati jekundu la kwanza, nikamkuta bibi anapukuchua mahindi na wanawe, nikatoa shikamoo moja ya jumla, na badala ya kuzunguka na habari za mvua kama mshenga mwenye akili nikasema palepale, "Tumekuja kuposa."

Bibi akaweka gunzi chini. "Umpose nani, mjukuu wangu? Humu asiye na mume ni mimi peke yangu. Haya, nimekubali, leteni kanga."

Wanawe walicheka mpaka wakalala kwenye mahindi. Nyumba ya kina Zaina ilikuwa inayofuata, na walisikia yote. Tulipoingia, baba yake hakucheka hata kidogo.

"Msiouliza nyumba, binti yangu mtamuuliza hali?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee Sefu akaniambia ninyamaze, akaketi, akaanza na mvua. Hatibu, aliyekuwa Korogwe roho juu, akapiga simu. "Mjomba, mmefikia wapi?"

Nikamnong'oneza, "Bado tuko kwenye vuli."

Wakazungumza mahindi, ng'ombe, koo, mpaka baada ya alasiri, baba Zaina akatabasamu, akasema, "Haya, semeni kilichowaleta." Binti akaulizwa, akakubali. Nilipompigia Hatibu akalia, nami nikalia, mbele za wakwe, bila aibu.

Siku hizi wakiniita kwenye posa naenda, lakini nyumbani mwa watu naingia wa mwisho.